Kioo Kinaporuka

Duka liko ghorofa ya pili, Mtaa wa Kimathi,
juu ya fundi wa saa.
Nafuna, binti wa kaunta, amenipa mkononi
kamera isiyo na kioo,
nyepesi kama nusu mkate.
"Haina kelele," ananong'ona,
kana kwamba yenyewe inasikia.
Nabonyeza. Kweli, kimya.
Nimepiga picha feni ya dari bila kujua nimepiga.

Bei sitaitaja, mke wangu asije akaisoma hapa.
Niseme tu: ukiitandaza kwa noti za mia
itafunika kitanda, na ya foronya ibaki.

Fomu ya mkopo inataka wadhamini watatu.
Mwende wa uhasibu ametia sahihi bila kusoma.
Oyaro wa stoo amesoma mara mbili,
akavua miwani:
"Kamera? Si unayo?"

Ninayo.
Mwaka wa kumi na moja huu,
raba ya mshikio nimeibandika kwa gundi ya viatu.
Ndani yake mna kioo, kadiri ya stempu,
kimeinama, kikiniletea jichoni
nyasi, sikio, mkia.
Nikibonyeza kinaruka, kwach!
na kwa kufumba na kufumbua naona giza.

Hebu fikiria.
Kila picha niliyowahi kuipata
ni kitu ambacho sikukiona.
Tai akinyakua nyoka: sikumwona.
Mtoto wa kifaru akipiga chafya: nilikuwa gizani.
Nimezeeka mbugani kama bwana harusi
anayepepesa macho
pale pale bibi anaposema ndiyo.

Basi nikaikodi ile mpya, Jumamosi moja.
Lango la Lang'ata, saa kumi na mbili,
ukungu umeikata minara ya mji viunoni.
Baadaye treni ikapita juu ya daraja lake,
ikinguruma bonde zima,
na twiga hakugeuza hata sikio.

Mondo alikuwa karibu na Bwawa la Fisi,
miguu mirefu kama ya kuazima.
Kisanduku cha kijani kikamdaka jicho,
kikaling'ang'ania kama deni.
Akaruka. Akaning'inia hewani. Akamshukia panya.
Niliona yote! Hakuna giza!
Nikacheka peke yangu garini kama mwehu.

Fremu mia nne na kumi na mbili.
Usiku, South B, chai imepoa,
nazipitia moja moja: kali, sharubu kwa sharubu.
Katika zote hizo
hakunitazama hata mara moja.

Ukutani yupo mondo mwingine, wa mwaka ule wa mafuriko.
Fremu ya kwanza alikuwa akilamba ukucha.
Kioo kikalia. Akainua kichwa,
na ya pili ndiyo hiyo iliyo ukutani:
ananiangalia kama mtu aliyeitwa jina lake
na asiyemjua.
Wageni husimama hapo kabla ya kuketi.
Treni haimshtui mnyama,
ila kakelele kangu kale, kadogo,
alijua ni kake.

Lakini nisijidanganye.
Jioni moja chui alivuka barabara, hatua saba,
na kamera yangu ikatafuta, ikatafuta,
ikaniletea vumbi, vizuri sana, vumbi tupu.
Hilo halimo ukutani.

Leo nimefungua lenzi mezani jikoni
nikapuliza vumbi kwa pampu ya mtoto ya pua.
Ndani ya kioo, jicho langu,
na mkunjo ambao sikuwa nao nilipoinunua.

Fomu iko kwenye droo, na sahihi yake moja.
Mdhamini wa tatu sijamtafuta.
Oyaro amesema nimpe hadi mwisho wa mwezi afikirie.
Nimempa upesi mno,
nikashuka ngazi nikipiga mluzi.