Na Wenzake

Juni, Mbeya. Ukungu umelala juu ya Loleza,
haujaamka, nami nimevaa sweta mbili
kuhesabu ni mara ngapi dunia imemtaja
Dakta Subilaga Mwaipaja.

Fomu ya kupanda cheo ina kurasa sita.
Ukurasa wa nne unataka namba moja tu:
makala ngapi, zilizonukuliwa mara ngapi,
hadi hesabu mbili zikutane
kama watu wawili juu ya daraja la gogo
na hakuna wa kumpisha mwenzake.

Umeme unakatika. Unarudi.
Kompyuta inaniambia:
Mwaipaja S., tano.
Mwaipaja S. A., nne.
Ndelwa S., jina la ndoa iliyodumu misimu mitatu ya viazi,
tatu.
Watu watatu, inasema. Hawajuani.

Nikacheka peke yangu humo maktaba,
maana hilo ndilo gonjwa analolichunguza:
mwili unaamka siku moja, unajiona mgeni,
askari wa damu wanawasha moto nyumbani kwao,
viungo vinavimba, uso unaiva wekundu
shavu hadi shavu, kipepeo aliyetua
akakataa kuruka.
Yeye hutafuta herufi iliyokosewa,
moja kati ya bilioni tatu,
inayomsahaulisha askari sura ya mamaye.

Fomu inaagiza tena: Ondoa alipojinukuu mwenyewe.
Nikaondoa.
Ngazi aliichonga kwa mkono wake,
na kila kidato alichokikanyaga
kimeandikwa majivuno.

Halafu ile makala kubwa.
Mia mbili na kumi na mbili.
Wanainukuu Oslo, wanainukuu Osaka,
waandishi thelathini na mmoja, yeye wa kumi na tisa,
na kila anayeitaja anaandika
Halvorsen na wenzake.

Wenzake.
Nalijua neno hilo uzito wake,
nililibeba begani: kasha la barafu,
kutoka pikipiki ilipokwama, matope ya Mwakaleli,
hadi zahanati yenye bati lililotoboka,
Subilaga mbele, viatu mkononi,
akihesabu dakika kabla damu haijaharibika.
Chupa themanini na nne.
Ya arobaini na saba ilikuwa ya Bi. Tulinagwe,
vidole vimekakamaa kama mizizi ya mchai,
hakuweza kufunga kifungo cha gauni
lakini mkono aliunyoosha mwenyewe.
"Chukueni," alisema. "Ila mniambie."

Nimetafuta mstari wake kwenye fomu.
Nimegeuza hata upande wa nyuma.

Basi nikawaandikia wenye kompyuta, huko waliko:
Ndugu, hao watatu ni mtu mmoja. Namfahamu.
Anatumia mkono wa kushoto. Chai hatii sukari.
Akicheka huziba mdomo, akikasirika huhamia Kinyakyusa.
Yule Ndelwa ndiye huyuhuyu Mwaipaja.
Naomba mmkubali kuwa yeye.

Jibu lilikuja kabla kikombe hakijapoa:
Ombi lako limepokelewa.
Siku thelathini za kazi.

Kikao ni Alhamisi.

Nikawaunganisha kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari,
makala kwa makala, hadi adhana ya alasiri,
nikapata tisa.
Nikaiandika kwa penseli, nikaikoleza,
nikaogopa, nikaifuta kidogo,
ikabaki tisa yenye kivuli.

Jumapili iliyopita, sokoni Kiwira,
Bi. Tulinagwe alinishika shati kwa kiganja,
vidole havikunji tena.
Hakuuliza majibu. Aliuliza,
"Yule binti wa damu,
alifika wapi?"

Nikanunua ndizi zake zote.
Sikujua nyingine ya kumjibu.