Fomu Haina Safu ya Kitanzi

Kazi yangu ni kuhesabu minyoo.
Si ile ya matumbo, usikunje uso:
hii ni ya udongoni, myembamba kuliko unywele wa kichanga,
inayofyonza mizizi ya viazi vya wakulima wa Drenthe
hadi majani yanakuwa manjano katikati ya Julai.

Udongo huja kwa mifuko. Novemba nzima unakuja,
mweusi, wa kinamasi walichokikausha mababu kwa sepeto,
unanuka mvua na chuma.
Mfuko wa leo umeandikwa kwa kalamu inayovuja:
Hadderingh, Roelof. Shamba la nyuma ya mfereji.

Nauosha, nauchuja, nausubiri.
Kisha jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kibonyezo:
hai, hai, mfu, hai.

Wa arobaini na moja alikuwa akipita kwa mbwembwe,
amejipinda kama saini ya mtu mwenye haraka,
akapenya kwenye kijiduara cha kuvu.
Seli tatu tu. Pete ya bibi harusi wa sisimizi.
Akagusa ukingo.

Sikuiona pete ikivimba. Nilipepesa, basi:
ilikuwa wazi, imefumba.
Mkia ukapiga, ukapiga,
kiwiliwili chote kikasema hapana
kwa lugha pekee kinachoijua.

Kuvu hana jino, hana jicho, hana mguu.
Akishiba mboji hategi;
hulala tu, uzi uliosahauliwa kwenye tundu la sindano.
Ni pale naitrojeni inapompungukia
ndipo husokota vitanzi.

Baba naye hakuwa mwindaji.
Mwaka ule minyoo ilipolimaliza shamba letu
na benki ikatuma barua ya tatu,
alikata waya wa uzio, akaukunja, akaufunga kitanzi,
akautega gizani mpakani kwa Geziena Wubs,
ingawa sheria ilikataza, na mama alikataza zaidi.
Asubuhi nilimfikia sungura kabla yake.
Tumbo lilikuwa bado na joto,
masharubu yameshikwa na barafu.
Tulimla kwa haradali. Hakuna aliyesema neno.
Mimi niliongeza mchuzi.

Saa mbili zimepita. Nyuzi zimeingia ndani,
mnyoo amekuwa mfereji, kisha ganda,
kisha kivuli cha ganda.

Fomu ina safu ya walio hai na safu ya wafu.
Kesho Roelof atapiga simu,
atakohoa kwanza, kisha ataniuliza: wangapi?
Nimeandika mia mbili na sita, hai.
Pembeni, kwa penseli, mahali ambapo mashine haisomi,
nimeongeza:

*Mmoja amekamatwa.
Kuna anayekusaidia huko chini.
Usimnyunyizie dawa.
Ana njaa.*