Uzi wa Saa Tisa

Wiki kumi za kiangazi, mjini Akron,
mji ambao zamani, wanasema, hata mkate ulinuka mpira.
Posho kiduchu, chumba cha bweni kisicho na pazia,
kadi ya plastiki ifunguayo mlango mmoja tu.

Sabitra Gurung alikuja kusoma viumbe,
akakabidhiwa buibui.
Kila alfajiri humlaza chali juu ya sponji,
na mota ndogo humvuta uzi
taratibu, kama unavyomtoa mkaidi neno.

Mimi wa kemia. Tobiah wa fizikia.
Ewelina, mhandisi, ndiye mwenye mashine
ya kuvuta kitu hadi kiseme basi.
Siku tatu nzima tuligombania neno "nguvu":
kwa Tobiah ni msukumo, kwa Ewelina ni kustahimili,
kwa Sabitra ni paja la panzi.
Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na gundi ya kukoroga.

Wiki ya tano uzi ukaanza vituko.
Asubuhi, chuma kitupu.
Ikigonga saa tisa alasiri hunywea, hufupika,
ukiuvuta unanyumbuka,
mpira, humu humu Akron!
Tobiah akalaumu joto.
Ewelina akaifungua mashine, akaifunga, akaifungua.
Wote wawili wakaitazama gundi yangu.

Sabitra akabeba kiti akakaa mlangoni
na daftari magotini.
Saa tisa kasorobo: magurudumu ya ndoo,
Darlene na mopu yake,
sakafu inang'aa, hewa inalowa.

Hakupiga kelele. Alisema tu,
"Samahani, Bi Darlene, unaweza kurudia?"
Darlene akaegemea mpini.
"Miaka kumi na tisa napiga deki hapa.
Hajatokea mtu wa kuniambia nirudie."
Akarudia.
Kwenye skrini mstari ukalegea
kama bega lililotuliwa mzigo.

Siku ya mabango tulivaa mashati ya kuazima.
Profesa akasoma majina, kidole kikagota kwenye la tano.
"Huyu wa idara gani?"
"Ya maji," Sabitra akajibu,
wala hakucheka.

Buibui tulimwachia bustanini, nyuma ya maegesho.
Gundi yangu
haijagandisha kitu hadi leo.