Kigoda cha Jaji Kalunde

Njoo Shija, njoo Doto,
tusogee penye moto,
nina kisa cha mtoto
wa Tabora, wa sokoni.

Kalunde ndilo jinale,
si mtoto wa kelele,
alijisukia nywele
akiwahi darasani.

Babaye, Bwana Mihayo,
hakuwa mtu mchoyo,
nyuki walijua hayo,
alirina miomboni.

Kuuza, kazi ya amu,
Kasanda, mwenye salamu
na maneno ya utamu
na sahani ya mizani.

Jumapili ya masika
bibi mmoja kafika,
kibuyu amekishika,
hela zake kitambani.

Kasanda akampima:
"Kilo hiyo, tena njema!"
Bibi kimya, akahema:
"Mbona chepesi begani?"

Kalunde, miaka tisa,
sahani akapapasa,
chini kidole kanasa:
nta! Bonge! Uvunguni.

Mngefanyaje, wanangu?
"Amu ni wa damu yangu,
hunipa kashata zangu,
nimwaibishe sokoni?"

Alisimama kitambo,
akameza mate, tumbo
likienda kombokombo,
akauliza: "Ni nini

hiki, Amu, kimeganda?"
Jasho jembamba, Kasanda
kofia akaipinda
akitazama pembeni.

Asali ikajaziwa,
bonge likabanduliwa,
Kalunde akanuniwa
mwezi mzima nyumbani.

Akasoma, akasoma,
garimoshi likihema,
hata siku zenye homa,
koroboi dirishani.

Akaenda chuo mbali,
akarejea wakili,
barua ya serikali
ikaja: "Keti kitini

cha jaji." Na kabla yake
hapakuwa mwanamke
hata mmoja aweke
wigi lile utosini.

Mlinzi akamwambia:
"Mama, chai na bagia
kule nyuma hupitia,
jaji bado yu njiani."

"Asante," akamjibu,
"jaji amefika, babu.
Chai nitanywa, si tabu,
nikitoka kule ndani."

Kiti nacho, kitukufu,
cha wanaume warefu!
Viatu vyake nadhifu
vikabembea hewani.

Babangu, fundi Kapela,
akaitwa, tena bila
kupatana kwanza hela,
akachonga barazani

kigoda, mti mninga,
kidogo kama kitanga.
Nikakibeba kwa kanga
mbio hadi mlangoni.

Jaji mwenyewe kashuka,
wigi pembeni kaweka,
akakanyaga, kacheka:
"Sasa nimefika chini."

Zikaja kesi za ng'ombe,
za shamba, mipaka, pombe,
mjane, kiwanja, jembe;
akasikiza makini.

Kisha siku moja, loo!
kwenye jalada la leo,
jina, anwani, makao:
Kasanda, wa Kiloleni.

Kesi juu ya mizinga!
Mji wote ukalonga:
"Amuye! Atamkinga,
au 'tamtupa ndani?"

Jaji kafunga jalada,
akasema, "Hii shida
mwingine aipe muda;
nina nta sahanini."

Akateremka ngazi;
pale amu, na machozi
(au mafua; siwezi
kuapa mbele ya dini).

Kalunde ndiye kaleta
kashata mbili; ukuta
wakaegemea. Ta! Ta!
Bila neno "samahani".

Alipostaafu kazi
alikuja, juzijuzi,
hana joho, ana ndizi
na kigoda mkobani.

Ndicho hiki, bado hai.
Rangi sasa haifai,
kuna na doa la chai;
mlinzi ndiye, nadhani.

Shija, shuka hapo kwanza.
Doto, nani alianza?
Msiape, mwajiponza.
Ila jaji awe nani?