Lumbesa

Ndahani,
wewe wa miaka ishirini na mitatu,
uliyeanza kazi juzi soko la mahindi Kibaigwa,
kalamu sikioni, mshahara wa kwanza umeukunja mara nne
ndani ya soksi ya kushoto,
toa hiyo hela kwenye soksi.
Inanuka, na humo haikui.

Mimi ndiye wewe, miaka ishirini mbele.
Goti la kulia siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.
Nimekaa kwenye mizani hiyohiyo, kiti kimebadilishwa mara mbili,
na ninayokwambia nimeyapima.

Utaona gunia limevishwa kilemba,
limeshonewa juu kwa juu hadi linainama kama mjamzito,
na mnunuzi ataliandika: moja.
Mkulima katoka Kiteto na trekta la kukodi,
hasemi kitu, anatazama viatu vyake.
Usicheke na mnunuzi.
Nawe utajazwa hivyohivyo:
kamati ya harusi itakukadiria laki na nusu
kwa bwana harusi usiyemjua hata jina la baba yake,
na utalipa, kwa kuogopa kadi isomwe mbele za watu.
Mkopo wa kausha damu utausaini umesimama;
ofisi ile haina kiti cha mkopaji.
Ulipoona hakuna kiti, ungeondoka.

Pikipiki nyekundu ya Chilewa imepakwa rangi mara mbili.
Kwaruza chini ya tangi kwa ukucha, utaona bluu.
Itakuzimikia Pandambili saa mbili usiku
na utaisukuma huku unaisifia, maana wapo wanaokutazama.

Kuhusu Mtumba sikulaumu.
Mtu alikuuzia kiwanja kwa bei ya ng'ombe wawili,
ukamuuliza, nani atakaa huko na fisi?
Leo kuna lami, kuna taa, kuna majengo ya wizara,
na fisi wamehama bila fidia.
Hilo liache. Hakuna aliyejua, na waliojua hawakutuambia.

Sitakwambia haba na haba;
umeimba hiyo tangu darasa la pili
na haikukuzuia kununua miwani ya jua msimu wa mvua.
Mtazame mama tu.
Hajui asilimia, lakini kilindo chake cha mtama
hakijawahi kuonyesha sakafu kabla uwele haujakomaa shambani,
hata mwaka ule majirani walipochemsha mizizi.
Akiba haiozi, anasema,
huku anafagia punje moja moja kuirudisha ndani.

Sasa sogea karibu, hili nalisema chini.

Mwaka wako wa pili, mwezi wa kumi,
Mbeleje atakuja na sare ya shule.
Atakaa juu ya mfuko wa mbolea nje ya ofisi ya mizani,
atangoje umalize foleni ya malori,
kisha aombe elfu thelathini na tano, ada ya mtihani.
Utakuwa nayo.
Utakuwa ndiyo kwanza umepata akili,
kitabu cha benki kina mhuri mbichi,
na hutaki kuvunja namba iliyokaa vizuri.
Utamwambia, dada, mwezi ukiisha.

Mwezi uliisha. Mtihani nao.
Hiyo ndiyo akiba yangu pekee iliyooza.

Mpe, Ndahani.
Mpe kabla hajafika kwenye sababu.
Pikipiki nunua tu ukitaka, hata miwani.

Kila Juni Mbeleje ananiletea karanga kutoka Mlali.
Hajawahi kuitaja siku ile, hata kwa utani,
na ndugu zetu wa Kigogo unawajua kwa utani.
Gunia linashuka kwenye lori, vijana wawili wanalibeba,
mdomo haukufungika, kaongezea majani na kamba ya katani,
juu kavimbisha kilemba, lumbesa hasa,
ile ninayoikataa kwa watu wote kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mizani iko hatua nane kutoka mlangoni.
Sijawahi kulipandisha.