Fundo la Uzi wa Bluu

Bwana Andama wa Manunuzi,
nakuandikia kutoka stoo ya hospitali, Maracha,
saa tatu usiku, taa ya sola ikipepesa,
paka wa wodi ya wazazi kalala juu ya mizani
(kilo tatu na nusu, kama ulitaka kujua).

Leo lori limefika.
Magunia arobaini ya maharagwe kutoka Kampala:
yamevuka Karuma, nyani wakiyatazama,
yamevuka daraja la Pakwach usiku wa manane,
yameshushwa hapa na vumbi la wilaya ngapi sijui
na hati yenye mihuri mitatu.
Nimehesabu. Nimetia saini. Ndiyo kazi yangu.

Gunia la kumi na moja nikaligeuza nilifungue,
nikaona mshono.
Uzi wa bluu, wa kufumia sweta za shule,
umepigwa fundo mara mbili, kisha ukarudishwa chini
kama mtu aliyesahau neno akarudi kulisema.
Bwana Andama, mkono ule naujua.
Ndio ulionishonea sare ya darasa la kwanza.
Ni wa mama yangu mdogo, Ezaru, wa Oleba,
mwendo wa saa moja kwa baiskeli
ukiwa na mzigo.

Nikatafuta kiti.

Kumbe haya ni maharagwe ya nyuma ya nyumba!
Mwezi wa saba alikuja mtu na pikipiki
na mizani isiyosema kweli,
akamlipa Ezaru elfu moja na mia sita kwa kilo.
Yakaenda mjini, yakalala ghalani Kisenyi,
fukusi wakayapekecha,
na leo tumeyanunua elfu nne na mia mbili,
yamechoka, kama kijana aliyekwenda kutafuta maisha
akarudi na viatu tu.

Na wiki jana, usicheke,
Ezaru alikuwa kitanda namba sita, malaria.
Alisukuma sahani: “Maharagwe yenu haya yanagoma kuiva.
Nani huyo aliyeyalima?”
Sikuwa na jibu.
Sasa ninalo, na sina mdomo wa kumpelekea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.
Sisi wetu tumempeleka akacheze ugenini,
kisha tukalipa kiingilio kwenda kumtazama.

Najua utakachosema. Kina mama hawana namba ya kodi.
Wanayo, tangu Machi. Kikundi cha watu ishirini na sita,
mweka hazina Letaru,
anayehesabu noti mara mbili na kukutazama wewe mara tatu.
Utasema hawawezi kungoja malipo siku tisini.
Hapo umesema kweli.
Mtoto hali hati ya madai.
Basi tuwalipe kwa siku kumi na nne,
na zabuni uikatekate, magunia matano, matano,
mtu wa jembe aweze kuibeba kichwani.
Shule ya pale chini ingefuata, na magereza,
maana wote tunapika, na wote tunangojea lori lilelile.

Siwaombei huruma.
Wakileta mabovu nitayarudisha,
hata yakiwa ya Ezaru,
hasa yakiwa ya Ezaru,
ingawa atanisema kila msiba hadi mwaka ujao.
Lakini nitajua nimrudishie nani.
Lori hili, likikosea, nimpigie nani simu?

Shilingi ikibaki Oleba, nitaiona:
itakuwa bati, itakuwa ada, itakuwa mbuzi anayekula ua langu.
Shilingi ikipanda lori haikumbuki njia.

Usiku umeenda. Paka ameshuka mizani.
Ule uzi nimeukata kwa wembe,
nimeubana kwa pini kwenye hati ya mapokezi,
pale chini, penye “Maoni ya mtunza stoo,”
ambapo kwa miaka kumi na tisa
nimekuwa nikiandika: Hakuna.