Kabla ya Povu

Miaka mitatu Květa alipika bia ya shira ya kopo:
fungua, mimina, subiri.
Leo, ghorofa ya nne, Olomouc, theluji dirishani,
kilo tano za kimea kilichoparazwa
zimelowa katika sufuria ya marehemu mavyaa wake,
aliyokuwa akichemshia mashuka.

Nyuzi sitini na saba. Akaifunika blanketi
kama mgonjwa wa homa.

Kisha bomba likaziba.
Machicha yakanuna.
Tone. Tone. Halafu hakuna.
Akakoroga, akatukana, akakoroga tena,
hadi saa saba usiku togwa ikashuka,
rangi ya chai kavu,
pungufu lita sita.

Asubuhi Radim akauliza, “Imekuwa bia?”
Hakujibu. Aliinamia pipa, sikio kifunikoni,
akisikiliza hamira
ikipiga chafya ya kwanza.